Kamba Mbili za Bi Ummukulthum

Mtaani Kiponda hapana aliyepata kupita chini ya dirisha la Bi Ummukulthum bila kuamkuliwa. Uwe na haraka zako, uwe umenuna, uwe na jino linakuuma, ukifika pale utaisikia sauti kutoka ghorofani: "Wapi huko, mwanangu? Wa kwenu hawajambo?" Na ukijibu tu, umekwisha. Utaulizwa mama yako goti limepoa, na yule paka wenu aliyezalia kabatini mmempeleka wapi. Hata watalii wasiojua neno walikuwa wakisimama, wakapunga mikono, naye akawapungia, kisha akageuka akasema peke yake, "Wamekonda hawa, maskini. Sijui kwao wanakula nini."

Pale dirishani palikuwa na kamba mbili. Ya kwanza ilikuwa nene, ya kikapu. Muuza mkate akipita, kikapu kinateremka; muuza ndimu akipita, kinateremka; na kikipanda hakuna aliyeachwa mikono mitupu, kwani mwenye mkate hupata sambusa na mwenye ndimu hupata dua. Kamba ya pili ilikuwa nyembamba. Hiyo ilipenya kwenye tundu la sakafu, ikashuka mpaka kwenye mlango mkubwa wa chini, ikafungwa kwenye komeo. Ukiivuta, komeo linanyanyuka na mlango unaachia, na wewe uko juu umekaa kitako. Marehemu mumewe ndiye aliyeitengeneza, kwa kuyahurumia magoti ya mkewe. Basi ikawa ndiyo desturi ya nyumba ile: hodi, karibu, kamba.

Mwanawe wa pekee, Nusrat, anaishi Fumba na mumewe, kwenye zile nyumba mpya zenye mlinzi. Tangu ahamie huko aliiona kamba ile ya pili kama adui yake wa kuzaliwa naye. Na hoja alikuwa nayo. Kabla ya Ramadhani alikuja kijana mmoja aliyejiita fundi wa mafeni. Bi Ummukulthum alipomtazama tu, kitu kilimkaza tumboni, kile kile kinachomkaza mtu anapokanyaga ngazi iliyooza. Lakini akaona haya. Atamfikiriaje mtoto wa watu vibaya, hata salamu hawajamaliza? Akavuta kamba. Kijana akapanda, akanywa chai, akazisifu sambusa, akalichukua feni kwenda kulisuka waya. Mpaka leo analisuka.

Nusrat alikuja siku ya pili na sanduku kubwa la magurudumu. Akalisimamisha pembeni ya kabati, tupu.

"Mama, mie sikulazimishi," alisema. "Lakini akipanda tapeli mwengine hapa, mmoja tu, nguo zako ntazitia humu, tunakwenda zetu Fumba. Chumba kishapakwa rangi."

Chumba kilikuwa kizuri, hilo hata mwenyewe alilikubali. Kilikuwa na kiyoyozi, na choo chake ndani kwa ndani. Lakini dirisha lake ni la kioo, halifunguliwi, na chini yake hapiti mtu isipokuwa magari yaliyofunga vioo. Bi Ummukulthum alikwenda kulala huko usiku mmoja, akaamka asubuhi akachungulia, akamwamkua mtunza bustani, na yule mtunza bustani akatafuta kushoto na kulia asijue sauti inatoka wapi. Akarudi Kiponda na hofu moyoni. Hakuogopa kufa, aliogopa kunyamaza. Kila asubuhi aliliona lile sanduku pembeni ya kabati, na kila asubuhi akalitupia kanga juu asilione.

Sasa, ilikuwa siku ya Alhamisi, adhuhuri imekwisha kuadhiniwa. Baraza ya ng'ambo, inayojaa watu tangu asubuhi, ilikuwa tupu. Mzee Borafya na wenzake wa kucheza dhumna walikuwa msikitini, na Ayoub muuza kahawa naye kaliacha dele lake la kahawa juu ya jiko, kaenda. Njia nzima ilikuwa kimya, kuku mmoja tu anapekua.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

"Karibu!" mdomo wa Bi Ummukulthum ukajibu, maana mdomo wake haumsubiri mwenyewe. Akachungulia. Alikuwa mwanamume wa makamo, kanzu imenyooka, kofia ya kutunga kichwani, makubadhi mapya miguuni, na uso wa kupendeza kabisa, wa mtu unayeweza kumpa mtoto akushikie. Bi Ummukulthum akamtazama, na tumbo likamkaza.

"Shikamoo, Bi Mkubwa. Wewe ndiye Bi Ummukulthum, mdogo wake Bi Shemsa wa Tumbatu?"

"Marahaba, mwanangu. Ndiye mie."

"Mimi naitwa Tahir, natoka Jongowe, huko huko Tumbatu. Bi Shemsa amefariki alfajiri, anazikwa alasiri. Nimetumwa nije kukuchukua. Teksi inangoja Darajani. Fungua nipande nikusaidie mzigo, mama, fanya haraka tusije tukakosa boti Mkokotoni."

Shemsa ndiye aliyemlea, mama yao alipokufa. Shemsa ndiye aliyemfunza kusuka ukili, kusoma, na kujibizana na watu wakorofi. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kamba nyembamba, ukaishika.

Haukuivuta. Tumbo lilikuwa bado limekaza.

Akajikasirikia. Dada yako kafa, alijiambia, na wewe umesimama hapa unasikiliza tumbo! Akachukua simu, akampigia Shemsa. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani.

"Ndiyo maana nikatumwa mimi," yule mtu akasema kutoka chini, kwa upole. "Simu yake imezimwa."

Na hilo halikumsaidia kitu, kwani simu ya Shemsa nusu ya umri wake imezimwa. Akienda kwenye mwani wake baharini huizima, huiacha nyumbani ndani ya mtungi wa mchele, kwa kuogopa isirowe.

Basi akasimama pale, mkono kwenye kamba, na sababu zikaanza kumjia moja moja, zimechelewa kama wageni wa harusi. Kwanza, yule mtu alipopiga hodi hakuupa mlango ubavu. Mtu aliyelelewa akipiga hodi husimama pembeni, akaangalia njiani, ili mlango ukifunguliwa asije akaona kisichomhusu. Huyu alikuwa kaukabili mlango uso kwa uso, na kiganja kimeugusa. Pili, tangu lini msiba ukatangazwa namna ile? Mletaji wa habari huomba maji kwanza. Huketi. Huuliza wazima. Kisha husema mgonjwa hali yake si nzuri, na wewe unaelewa, na unamshukuru kwa kutokusema. Huyu aliimwaga maiti njiani kama maji ya kuoshea samaki. Na tatu, kwapani alikuwa na begi kubwa la turubai, limekunjwa, halina kitu. Nani anatoka kwenye msiba na begi tupu?

Lakini nazo zilikuwa sababu tu. Labda kachanganyikiwa, maskini. Labda ndivyo walivyo vijana wa siku hizi. Ikiwa ni kweli, na yeye akakaa hapa na shaka zake, Shemsa ataoshwa na mikono ya wengine na yeye atabaki na jambo hilo mpaka kaburini. Na ikiwa ni uongo na akaivuta kamba, yuko peke yake na mwanamume asiyemjua, na hata akitoka salama, lile sanduku linamngoja pembeni ya kabati. Alitaka kulia, na alitaka kumzaba mtu kofi, na hakujua aanze na lipi.

Hapo ndipo alipoyasema maneno ambayo hajapata kuyasema tangu azaliwe.

"Mwanangu, mlango sitoufungua," alisema. "Lakini karibu."

Yule mtu akainua uso. "Karibu wapi, mama?"

"Hapo barazani. Keti. Umetoka mbali na jua lote hili."

Na kikapu kikateremka na gilasi ya maji ya mtungi, yamefukizwa ubani. Mtu akayatazama, akatazama mlango, akatazama juu. Akayanywa.

"Mama, maiti hangojwi."

"Najua, baba. Mie navaa."

Na kweli alivaa. Huo ndio uliokuwa uzuri wake na taabu yake: alijitayarisha kama mtu anayekwenda kuzika. Alivaa buibui, akatia juzuu na ubani mfukoni, machozi yanamtoka, na huku anakoroga chai. Kikapu kikateremka na chai. Kikateremka na mkate wa kumimina. Kikateremka na kitambaa cha kufutia mikono. Na kila kikiteremka, sauti inakifuata.

"Nani anamwosha, mwanangu?"

"Wanawake, mama."

"Wanawake gani?"

"Wa... wa pale pale."

"Maskini. Kula mkate huo, una iliki. Na weye mtoto wa nani pale Jongowe?"

Yule mtu akautia mkate mdomoni wote kwa mkupuo. Kwa mdomo uliojaa mtu halazimiki kujibu, na huo ulikuwa ujanja mzuri, ila kwa Bi Ummukulthum ulikuwa na kasoro moja: akiona mtu anakula kwa hamu humletea kipande chengine.

Hatimaye milango ya msikiti ikafunguka na watu wakaanza kurudi. Mzee Borafya alitangulia, kofia upande, nyuma yake Abdulwahid mwenye gari ya kubebea abiria, na Ayoub akilikimbilia dele lake. Bi Ummukulthum akajitoa dirishani mpaka kiunoni.

"Jamani! Dada yangu Shemsa katutoka! Huyu bwana ndiye kaleta habari. Msimwache peke yake!"

Kiponda ikitajiwa msiba haiulizi maswali, inatandika mkeka. Kufumba na kufumbua mkeka ulikuwa chini, mgeni kavuliwa makubadhi, kaketishwa katikati, na Mzee Borafya kamshika mkono wa kulia na Abdulwahid mkono wa kushoto, wanampa pole. Ayoub akamtilia kahawa na kashata. Mzee Borafya, ambaye tangu anunuliwe simu na wanawe hakuna habari iliyowahi kumpita, akaandika kwenye kundi la mtaa kwamba Bi Shemsa amefariki, akamalizia na vijipicha vya mikono ya dua.

"Sasa," alisema Abdulwahid, "gari yangu hii hapa. Tunaingia sote."

"Msisumbuke," mgeni akasema. "Kuna teksi, mimi na mama tu..."

"Teksi ya nini? Iambie iende zake. Tutakuwa watu wangapi? Kumi na tano tunaenea."

"Boti... boti ni ndogo."

"Tutapanda mbili," akasema Mzee Borafya, na mkono hakuuachia. "Yakhe, unatetemeka. Msiba umekuingia. Mtilieni kahawa nyengine."

Bi Ummukulthum aliyaona yote hayo kutoka juu. Aliuona na uso wa mgeni, ambao sasa haukupendeza kama mwanzo. Katota kwa jasho na macho yanazitafuta kona za njia. Tumbo la Bi Ummukulthum likaanza kulegea, ndipo akajua anadanganywa. Lakini kujua si kuwa na hakika, na Shemsa alikuwa bado kafa mpaka afufuke.

"Tusome fatiha kwanza," akasema Mzee Borafya. Mikono yote ikainuliwa, na ya mgeni pia, kwani angefanyaje?

Simu ya Bi Ummukulthum ikalia.

"We Kulthum!" sauti ikapasuka sikioni mwake. "Unanipigia mbio mbio hivyo kuna nini? Nlikuwa mwanini, ndo kwanza natoka, nna tope mpaka magotini!"

Bi Ummukulthum akaketi chini. Akacheka, akalia, akamsifu Mungu, akashindwa kupanga kipi kitangulie. "Dada," alisema mwishowe, "kuna mtu hapa anasema umefariki."

"Lini?"

"Alfajiri."

"Alaa! Mbona sijaambiwa? Hebu nipe nizungumze naye."

Wako watu wangepiga ukelele wa mwizi. Bi Ummukulthum aliitia simu sauti kubwa, akailaza ndani ya kikapu juu ya kitambaa safi, akakiteremsha polepole mpaka kikafika katikati ya mkeka, mbele ya pua ya mgeni, na mikono yote bado imeinuliwa.

"Asalaam alaykum," kikapu kikasema. "Mie ndiye maiti. Nani mwenzangu?"

Mgeni aliruka juu ya mkeka, akapita juu ya jiko la Ayoub, akaikata kona ya kwenda Malindi miguu mitupu, kanzu kaishika kwa mikono miwili. Makubadhi yakabaki. Begi likabaki. Ayoub alitaka kumkimbiza lakini kulitua dele hakutaka, akafika konani akarudi. Mzee Borafya alicheka mpaka kofia ikamdondoka, na kikapuni Bi Shemsa alikuwa anauliza, "Kasemaje? Kasemaje? Mbona hasemi?"

Sasa habari ya kufa ina miguu, ya kufufuka huchelewa. Kabla ya alasiri Nusrat aliingia Kiponda kwa teksi kutoka Fumba, macho yamevimba, anamlilia mama yake mkubwa, akakuta baraza nzima inacheka. Wakamweleza. Akapanda ngazi, akaenda moja kwa moja pembeni ya kabati, akaiondoa ile kanga, akalilaza sanduku kitandani, akalifungua.

"Basi, Mama," alisema. "Leo ndo basi. Mtu kajua jina lako, la dada yako, na Tumbatu yenu. Kajulia wapi? Hapo hapo dirishani! Mtaa mzima unajua dada yako anakohoa lini."

Hilo lilikuwa kweli, na lilimwingia. Bi Ummukulthum akakaa ukingoni mwa kitanda, buibui la msiba bado mwilini.

"Kweli," alisema. "Mie nasema sana."

Nusrat akatoa kanga ya kwanza kabatini.

"Ila nikuulize, mwanangu. Alipanda?"

"Nani?"

"Huyo mtu. Alipanda hapa juu?"

Nusrat akasita, kanga mkononi. "Si hakupanda."

"Nani aliyemzuia?"

Nusrat akaitazama ile kamba nyembamba.

"Yule wa feni, tumbo lilinambia. Nkaona haya nisije nikamvunjia heshima, nkavuta. Leo limenambia tena, na nlikuwa na msiba juu yake, Nusrat, nlikuwa nnalia. Sikuvuta. Nlimpa chai, nlimpa mkate, mlango sikumpa." Akamtazama mwanawe. "Huko Fumba mlango atauangalia mlinzi. Nami tumbo hili ntalifanyia kazi gani? Mie naogopa chumba kile, mwanangu. Si kwamba kibaya. Naogopa ntakaa mpaka nisahau namna ya kusema na watu."

Hajapata kumwambia hivyo. Nusrat aliikunja ile kanga, akaikunjua, akaikunja tena. Kisha akaketi karibu na mama yake, wakakaa hivyo, na kutoka chini wakamsikia Ayoub anamwigiza mgeni alivyolirukia jiko.

Ndipo hodi ikapigwa.

"Hodi!"

Wote wawili walishtuka. Nusrat alisimama, akaunyosha mkono kuizuia kamba, kisha akaurudisha mwenyewe. Bi Ummukulthum akajikokota mpaka dirishani. Chini alisimama mwanamke ambaye hajapata kumwona, mtu mzima, kashika bakuli lililofunikwa sahani. Alikuwa kaupa mlango ubavu, anamtazama kuku.

"Nani mwenzangu?"

"Mie Ulfat, natoka Chukwani. Hunijui, bibi. Bi Shemsa tulikuwa tukiuza pamoja sabuni za mwani, na leo nkasoma kwenye simu..." Akaliinamia bakuli. "Basi nkapika uji. Pole sana."

Bi Ummukulthum aliweka kiganja juu ya tumbo, akalisikiliza, na Nusrat nyuma yake akawa anamsikiliza yeye. Kule chini yule mwanamke wala hakuinua uso kutazama madirisha. Alikuwa anajifuta machozi kwa ukingo wa mtandio.

Mkono ukaenda kwenye kamba nyembamba, ukaivuta.

"Msiba hakuna, mwanangu, dada mzima anatia watu adabu huko Tumbatu," alisema. "Lakini karibu. Panda. Uji wako tutaunywa."

Chini komeo likanyanyuka. Nusrat akalifunga sanduku, tupu kama alivyolileta, akalishika mpini. Akiteremka nalo alipishana na mgeni katikati ya ngazi, akalibana ubavuni kumpa nafasi.

"Karibu sana," alimwambia. "Angalia hicho kidato cha juu, kimelegea."

Alipotokea njiani alisikia juu ya kichwa chake kamba ya kikapu inapita kwenye mbao. Ndani ya kikapu mlikuwa na sambusa mbili zilizofungwa kwenye karatasi, za njiani.

"Hayo makubadhi yaacheni pale pale barazani," mama yake alikuwa anamwambia Mzee Borafya kutoka dirishani. "Akiyarudia, mwambieni apige hodi. Na asimame pembeni."